Maji Yakizuiwa Hapa, Yataenda Wapi?



Baada ya mvua za vuli za mwaka 2023, zile za El Niño, kikundi kimoja cha akina mama na vijana wa upande wetu wa Kinango kilitujia na swali. Walikuwa na bustani ya mboga kando ya mto wa msimu: mchicha, bamia, sukuma wiki na nyanya. Mto ulipanda usiku. Kulipokucha hapakuwa na bustani. Palikuwa na mchanga mtupu, na ua umelala chini. Mipira ya maji ilikuwa imekwenda, na pampu pia imekwenda. Pampu ile ilinunuliwa kwa mkopo. Mkopo haukwenda na maji, ulibaki.

Basi kwenye mkutano wao watu wakagawanyika. Upande mmoja ukasema: tujaze magunia mchanga, tupange ukuta mrefu ukingoni, tulime pale pale, kwani udongo wenye rutuba ndio ule. Upande wa pili ukasema: tuhame kabisa, hata mguu tusitie tena mtoni. Walibishana mpaka jua likageuka. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kimya muda wote akauliza neno moja tu: "Maji yakizuiwa hapa, yataenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Sisi pia hatukuwa na jibu siku ile. Tangu hapo tumetafuta, tumesoma na tumeulizana, na leo tunawaletea tuliyoyapata. Tutatoka mbali kidogo, mpaka mji wa Vienna kule Austria, ambako watu waliulizana swali hilihili wakalijibu kwa kutengeneza kisiwa. Kisha tutapita Dar es Salaam, halafu turudi nyumbani tuone ni lipi linatufaa na lipi halitufai.

MTO UNA VITANDA VIWILI

Kwanza tuelewane jambo moja. Kila mto una vitanda viwili. Kitanda cha kwanza ni kile tunachokiona kila siku, pale maji yanapopita, au kwa mito yetu ya msimu, pale mchanga unapolala. Kitanda cha pili ni ile ardhi tambarare iliyo kando. Mto hukilalia mara moja moja, pengine baada ya miaka mitano, pengine ishirini. Katikati ya vipindi hivyo sisi watu husahau. Tunaona pazuri, tunapalima, tunajenga. Lakini hebu tujiulize: udongo ule mzuri ulifikaje pale? Ni mto wenyewe uliouleta kwa mafuriko ya zamani. Kwa hiyo anayelima pale amelima katika kitanda cha mtu mwingine, na mwenyewe akirudi usiku atataka kulala.

Jambo la pili: mafuriko huweza kuja bila tone la mvua kuanguka pale mlipo. Ndugu zetu wa Vanga wanalijua hili. Mto Umba unaanzia milima ya Usambara huko Tanzania, ndipo ukashuka kuelekea bahari jirani na Vanga. Mvua ikipiga Usambara, watu wa Vanga huweza kuona mto umejaa huku mbingu yao ni kavu. Mito yetu ya Kinango ni mifupi kuliko Umba, lakini mwendo ni uleule. Mvua ya juu ndiyo mafuriko ya chini.

Sasa tukijenga ukuta wa magunia, maji hayapungui hata debe moja. Ila yanafanya mojawapo ya mambo haya matatu. Yanapanda juu na kuongeza kasi, yakaenda kukata ukingo wa ng'ambo. Au yanashuka kwa nguvu zaidi kwa jirani wa chini, na hapo mmeokoa bustani mkanunua ugomvi. Au ukuta wenyewe unapasuka usiku, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu watu walikuwa wameuamini wakalala.

VIENNA: WALIVYOPIGWA MARA NNE NA TANO

Mji wa Vienna umekaa kando ya Mto Danube, mmoja wa mito mikubwa ya Ulaya. Zamani mto ulipofika pale ulikuwa umetawanyika kama vidole vya mkono, mikondo mingi na visiwa vingi vya mchanga, na kila baada ya miaka ulibadilisha njia. Mafuriko ya 1830 na ya 1862 yaliumiza mji sana. Basi kati ya 1870 na 1875 wakachimba njia moja mpya, pana, iliyonyooka, wakauambia mto: pita hapa. Na kando yake, upande wa kushoto, wakaacha uwanja wa majani wenye upana wa mita zipatazo 450, usijengwe kitu, ili maji yakizidi yapate pa kuenea.

Mnaona, watu wale hawakuwa wajinga. Walikiacha kitanda cha pili wazi. Lakini kipimo chao hakikutosha. Mwishoni mwa karne ile mafuriko yalirudi, na mwezi Julai 1954 yakaja makubwa, maji yakaingia sehemu za mji. Ndipo wakakaa chini upya wakajiuliza: furiko kubwa kuliko yote tunaloweza kulitarajia ni la ukubwa gani?

Walivyotafuta jibu ndivyo tunavyotaka vikundi vyetu vishike. Hawakuridhika na kumbukumbu ya miaka kumi au hamsini. Walirudi nyuma mpaka mwaka 1501, katika maandishi na alama za kale, wakakuta kwamba mwaka ule Danube ulibeba maji yanayokadiriwa kuwa mita za ujazo 14,000 kila sekunde. Wakasema: basi kipimo chetu ni hicho.

Tuifafanue hesabu hiyo kwa vyombo vyetu. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita ishirini. Mita 14,000 ni mitungi 700,000 inayopita mbele yako kila sekunde moja, kabla hujafumba jicho ukalifumbua. Siku ya kawaida Danube pale Vienna hupitisha mita za ujazo kama 1,900 tu kwa sekunde. Kwa hiyo furiko la 1501 ni kama mito saba iliyokuja kwa pamoja.

NJIA YA PILI, NA UDONGO ULIOTOKA

Jibu lao lilikuwa nini? Hawakutegemea kuongeza urefu wa ukuta peke yake. Waliupa mto njia ya pili. Baraza la mji lilikubali mpango huo mwaka 1969, kazi ikaanza 1972. Katika ule uwanja wa majani walichimba mfereji mkubwa unaokwenda sambamba na Danube kwa urefu wa kilomita 21, wakauita Danube Mpya. Uwezo wake ni kubeba mita za ujazo 5,200 kwa sekunde. Mto wa zamani hubeba zilizobaki. Ukijumlisha unapata zile 14,000.

Sasa fikirini kidogo. Mtu akichimba shimo la choo hutoa rundo la udongo. Akichimba silanga hutoa kilima. Je, aliyechimba mfereji wa kilomita 21? Udongo uliotoka ulikaribia mita za ujazo milioni 30. Kuubeba mpaka nje ya mji kungegharimu fedha nyingi ajabu. Basi wakaumwaga palepale katikati, kati ya mto wa zamani na mfereji mpya. Ukawa kisiwa. Kwa Kijerumani wanakiita Donauinsel, yaani Kisiwa cha Danube.

Kisiwa hicho ni kirefu na chembamba kama mkanda. Urefu wake ni kilomita 21, mwendo wa mtu kutembea tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Upana wake ni kati ya mita 70 na 210 hivi, maana yake penye wembamba hautoshi hata urefu wa kiwanja cha mpira, na penye upana unatosha viwanja viwili. Kazi yote ilimalizika 1988. Miaka kumi na sita! Tunalitaja hili kwa ajili ya vikundi ambavyo huvunjika moyo mwaka wa pili.

Kwa siku za kawaida, mfereji ule umefungwa kwa milango ya chuma. Kuna lango la juu, maji yanapoingilia, na mengine mawili huko chini. Maji ndani yake husimama yakatulia kama ziwa, na watu huogelea. Habari ikija kutoka juu kwamba mto unapanda, watu huondolewa, milango ya chini hufunguliwa kwanza ili mfereji upate nafasi, kisha la juu hufunguliwa na mafuriko yakaingia njia yake. Maji yakipungua milango hufungwa, matope husafishwa, na maisha yanaendelea.

Je, imefanya kazi? Mwaka 2002 Danube ulipitisha zaidi ya mita za ujazo 10,000 kwa sekunde pale Vienna. Mwaka 2013 ulikaribia 11,000, zaidi kuliko mwaka ule wa 1954. Mara zote mbili sehemu kubwa ya mji ilibaki salama.

LAKINI KISIWA NI CHA NANI?

Hapa ndipo penye funzo ambalo sisi tulilipenda zaidi. Wahandisi walioanza kazi ile walikuwa na shabaha moja: maji. Kisiwa kwao kilikuwa rundo la udongo tu. Ubishi ulikuwa mkubwa, wanasiasa walivutana, na wengine waliona ni fedha kutupwa mtoni. Kisha ukaja ubishi wa pili: rundo hili litumikeje? Ardhi mpya katikati ya mji mkubwa, ninyi mnajua thamani yake. Mahali pengine ingekatwa viwanja vikauzwa kabla udongo haujakauka.

Hatimaye kiliachwa wazi kwa watu wote. Walipanda miti na vichaka karibu milioni 1.8. Walitengeneza njia za miguu na za baiskeli, sehemu za kuogelea na za watoto kucheza. Treni ya chini ya ardhi ina stesheni papo hapo kisiwani. Hakuna kiingilio. Mfanyakazi asiye na nauli ya kwenda baharini huchukua watoto wake Jumapili, akabeba chakula chake kwenye kikapu, akashinda huko. Tangu miaka ya 1980 kila mwaka hufanyika tamasha la muziki la siku tatu, na hesabu ya wanaofika kwa siku hizo hutajwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu.

Ndugu zetu, tuliangalie vizuri jambo hili. Kisiwa kile hakikuwa starehe iliyoongezwa juu ya kazi. Starehe ndiyo inayolinda kazi. Ardhi iliyoachwa wazi bila matumizi huvamiwa. Mwaka huu kibanda, mwaka ujao duka, mwaka wa tatu mtu ana karatasi ya kiwanja. Lakini ardhi ambayo watoto wa mji mzima wanacheza, nani atathubutu kuigusa? Watu wenyewe ndio askari wake.

Na vitu vyote vilivyowekwa karibu na maji ni vile vinavyostahimili kulowa. Majani yakilala majini siku tatu hayafi. Njia ya miguu ikifunikwa na matope itasafishwa. Nyumba ya mtu, kitanda chake, vitabu vya watoto wake: hivyo havistahimili. Basi kanuni ni fupi, mtu anaweza kuishika bila kuandika: mpe mto nafasi yake kwanza, kisha katika nafasi hiyo weka yale tu yanayoweza kulowa.

KARIBU NA KWETU: BONDE LA MSIMBAZI

Mtu atasema, hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Basi tuje Dar es Salaam. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini. Bonde lake la chini linaitwa Jangwani. Kwa miaka mingi watu walijenga mle, kwa sababu ni karibu na mjini na ardhi ilikuwa rahisi. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Baadaye hata kituo cha mabasi yaendayo haraka kikajengwa mlemle bondeni, na kimefurikwa mara kadhaa. Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa mvua ikizidi.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kulitengeneza bonde hilo, na Hispania na Uholanzi pia zikachangia. Mpango wake ukiusoma utadhani umeandikwa na mjukuu wa watu wa Vienna: kuchimba bonde liwe pana na lenye kina ili mto upate nafasi, udongo unaotoka utumike kuinua ardhi ya kando iwe juu ya mafuriko, daraja refu lijengwe Jangwani, na katikati pawe bustani kubwa ya watu wa jiji. Jembe moja, kazi mbili.

Lakini tusifiche upande mchungu. Vienna walichimba katika uwanja ambao ulikuwa umeachwa wazi miaka mia nzima. Dar es Salaam wanachimba mahali palipojaa nyumba. Maelfu ya watu wamelazimika kuhama na kulipwa fidia. Na hapa kwetu Kenya, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokwisha, watu wengi wa mabonde ya Nairobi walibomolewa nyumba kwa amri. Tofauti ya hadithi hizi ni moja tu: aliyeacha nafasi mapema alilipa kidogo, aliyechelewa amelipa kwa machozi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinango bado tunao ufa. Kando ya mito yetu nyingi ni vichaka na mashamba. Tukipanga sasa hatutamvunjia mtu nyumba.

TUFANYE NINI SISI

Hatuna fedha za kuchimba kilomita 21, wala hatuna haja nazo. Tunayo majembe, sururu, makarai na watu. Haya ndiyo tunayoona kikundi kinaweza kuyafanya.

1. Tafuteni alama ya maji. Vienna walirudi mpaka 1501. Ninyi rudini kwa wazee. Waulizeni maji yalifika wapi mwaka 1961, mwaka 1997 na 2023. Nendeni nao mpaka mahali penyewe, maana mtu huonyesha kwa mguu vizuri kuliko kwa mdomo. Angalieni takataka zilizonasa kwenye matawi. Pigeni vigingi, pakeni rangi, na katibu aandike kwenye daftari. Alama iliyo juu kuliko zote ndiyo mpaka wa mto.

2. Gaweni ardhi kwa mistari mitatu. Mstari wa kwanza, ulio ukingoni kabisa, usilimwe. Kanuni za maji za Kenya zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Pandeni mimea inayoshika udongo: matete, mianzi, na hasa mikindu. Akina mama wanaosuka mikeka wanajua ukindu unavyouzwa. Ukingo utalindwa, na kikundi kitapata senti bila jembe kuugusa udongo. Mstari wa pili, ambao mto hufika mara moja moja, wekeni vinavyostahimili: majani ya ng'ombe, mboga za muda mfupi, kiwanja cha mpira cha vijana. Mstari wa tatu, juu ya vigingi, ndipo pa nyumba, ghala, choo, zizi na kitalu cha miche.

3. Pampu isilale mtoni. Ifungwe kwenye toroli. Asubuhi inashuka, jioni inapanda. Kikundi tulichokitaja mwanzo kingekuwa na toroli, leo kingekuwa na pampu.

4. Kama mna njia ya zamani ya mto, msiizibe. Mahali pengi mto una mkono wa kale uliojaa mchanga na vichaka. Huo ndio "Danube Mpya" wenu wa bure. Ondoeni vichaka na takataka ili maji yakizidi yapite. Lakini hakikisheni mkono huo unarudi mtoni huko chini, wala hauelekei kwa jirani. Na kabla hamjachimba njia mpya au kuweka kizuizi chochote mtoni, nendeni kwanza ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji mpate kibali, na mzungumze na chama cha watumiaji wa maji wa mto wenu. Mto si wa kikundi kimoja.

5. Udongo mnaouchimba utumieni kwa akili. Mkichimba silanga au mtaro, msiurundike ukingoni, maana mvua ya kwanza utarudi ulikotoka. Upelekeni mstari wa tatu kuinua mahali pa ghala au pa mkutano. Mwageni tabaka la unene wa shibiri moja, nyunyizeni maji, shindilieni, kisha tabaka jingine. Mkimaliza pandeni majani mara moja.

6. Wekeni mtu wa habari. Kule Vienna habari za mto hutoka juu siku kadhaa kabla. Sisi mito yetu ni mifupi, tuna saa chache tu. Lakini tuna simu. Kila kikundi kiwe na namba ya mtu mmoja anayekaa upande wa juu. Akiona mto unabadilika rangi na kubeba magogo, apige simu hata kama ni saa nane za usiku. Mtu huyo alipiwe salio na kikundi. Ni bei ndogo kuliko pampu.

MAMBO TUSIYOYAIGA

Jambo zuri la wengine tukilibeba lote bila kupima, litatuumiza. Watu wa Vienna huogelea katika mfereji wao uliotulia. Sisi tusifanye hivyo. Kwetu maji yaliyosimama yana konokono wa kichocho, na huku Kwale ugonjwa huo tunaujua vizuri kwa watoto wanaokojoa damu. Pia huzaa mbu wa malaria. Kwa hiyo njia yetu ya pili isiwe ziwa. Iwe mkondo unaokauka upesi baada ya mvua. Mahali pa watoto kucheza pawe pakavu, na mashimo yanayobaki na maji yafukiwe.

Jambo jingine: tusidhani tukiumaliza mto mmoja tumemaliza yote. Mwezi Septemba 2024 mvua kubwa mno ilipiga Austria. Danube pale Vienna ulidhibitiwa kwa mfereji wake. Lakini kijito kidogo kiitwacho Wien, ambacho mji wenyewe umebeba jina lake kwa Kijerumani, kikapanda kwa saa chache mpaka baadhi ya treni za chini ya ardhi zikasimamishwa. Watu walikuwa wamemtazama ndovu, akawapita siafu. Hapa kwetu pia, makorongo madogo yanayokatiza njia ya shule ndiyo yanayotubebea watoto, siyo mto mkubwa peke yake. Yatembeleeni pia, mpige vigingi huko nako.

KUHUSU KIKUNDI KILE

Mwaka uliofuata tulirudi kwa wale akina mama na vijana. Ubishi haukuwa umekwisha, na hatutawadanganya kwamba umekwisha. Ila ulikuwa umebadilika. Hawakuwa wakibishana tena ukuta au kuhama. Walikuwa wamepiga vigingi, wakakuta kwamba sehemu ya tatu ya bustani yao ya zamani iko katika mstari wa kwanza. Sehemu hiyo ni ya watu wanne, na wanne hao wanauliza, na wana haki ya kuuliza: sisi tutalima wapi? Kikundi kimekubali kuwagawia vipande huko juu, lakini huko juu maji ni ya kubeba, na hakuna anayependa kubeba. Kwa sasa wanabeba kwa zamu, watu wote, siyo wale wanne peke yao.

Mzee aliyeuliza swali lile alikuwapo. Alituonyesha kigingi kirefu chini ya mbuyu, mbali sana na mto, mahali ambapo sisi tusingedhani. Tukamwuliza kama ana hakika. Akasema mwaka 1961 alikuwa mtoto, na alikaa juu ya mbuyu ule usiku kucha na mamake.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika eneo letu, maji yalifika wapi mafuriko yalipokuwa makubwa kuliko yote? Nani anakumbuka? Tumeandika popote?

2. Ni mali gani ya kikundi iliyo chini ya alama hiyo leo? Ipi inaweza kulowa, na ipi haiwezi?

3. Mto wetu una njia ya zamani? Nani amejenga au kulima humo, na tutazungumza naye vipi bila ugomvi?

4. Tukiacha ukanda wa ukingoni, nani atapoteza shamba? Wengine tutamsaidiaje ili mzigo usiwe wake peke yake?

5. Jirani zetu wa juu na wa chini, tumeshakaa nao hata mara moja kuzungumza habari ya mto?

Kikundi kitakachopiga vigingi vyake kabla ya mvua zijazo, tafadhali kituandikie au kitume mtu ofisini. Tungependa kuja kuviona.